Kiu ya Baba Imehamia Kwangu

(Mazungumzo na walezi wa wazee, uani mwa madrasa, mtaa wa Langoni, Lamu, wiki ya mwisho ya Shaaban)

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, hamjambo. Na nyinyi vijana watatu mliosimama kule ngazini, sogeeni, mkeka upo. Mzee halelewi na wanawake peke yao, ijapokuwa ndivyo tulivyojizoesha majumbani mwetu.

Mwalimu aliponiomba nizungumze juu ya kumnywesha na kumlisha mzee anayesahau, nilimwambia mimi si daktari, mimi nashona kofia. Akaniambia, ndiyo maana nakutaka wewe. Basi nitakayosema yako namna mbili: niliyoambiwa na madaktari na wauguzi, nikayauliza tena na tena mpaka nikawachosha, na niliyoyaona kwa macho yangu katika nyumba ya baba yangu. Nitajitahidi kuwaambieni lipi ni lipi, msije mkatoka hapa mkasema fulani amesema kumbe ni mambo ya kwetu tu.

Baba alikuwa nahodha. Leo ana miaka 81, na huu ni mwaka wa sita tangu aanze kusahau. Alianza na majina ya wajukuu, tukacheka, nani asiyesahau jina? Kisha ikawa njia ya kutoka msikitini kuja nyumbani, hatua mia mbili, njia aliyoipita tangu utoto. Majirani wakasema ni husuda. Mmoja akasema ni jini la baharini, na kwa jini hilo tulitumia pesa, nakiri mbele yenu. Daktari ndiye aliyelipa jina lake: dimensia. Ni maradhi ya ubongo. Si wazimu, wala si uzee wenyewe, maana wako wazee wa miaka 90 ambao bado wanajua nani anadaiwa shilingi ngapi. Yako ya aina kadhaa, na inayojulikana zaidi imepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia ulimwenguni, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri, kama yetu. Kwa hivyo tusijifungie milango tukidhani ni mkosi wa nyumba moja.

Sasa niwaeleze kilichonileta.

Ilikuwa Machi, miaka miwili iliyopita. Kaskazi imelegea, kusi haijaja, maleleji yale ambayo kuti la mnazi halitikisiki na ukuta wa mawe unatoa joto mpaka usiku wa manane. Baba akawa analala mchana kutwa. Ukimwamsha anakutazama kama mgeni aliyekosea mlango. Siku ya pili akaanza kuwaamrisha mabaharia ambao wengi wao tumeshawazika, washushe tanga upesi. Tukaambiana: basi, maradhi yamepanda daraja. Siku ya tatu alisimama kwenda chooni akaanguka. Wajukuu wanne walimbeba kwenye kiti, wakapita kichochoro ambacho punda wawili hawapishani, mpaka hospitali.

Muuguzi alimtazama ulimi. Ulikuwa mkavu, una mistari kama ardhi ya chumvi. Akaniuliza, "Jana amekunywa vikombe vingapi?"

Nikamjibu, "Nilimuuliza kama anataka maji, akasema hataki."

"Sikuuliza amesema nini, mama. Nimeuliza amekunywa vingapi."

Sikuwa na jibu. Baba alitundikiwa dripu, akapewa na dawa kwa sababu mkojo ulikuwa umeingia maradhi. Siku ya tatu pale hospitali alifungua macho akauliza nani ameshika usukani. Hakupona dimensia, hilo lisieleweke vibaya. Lakini alirudi pale alipokuwa kabla ya Machi. Kile tulichokiita daraja jipya la maradhi kilikuwa kiu.

Nilipata maelezo baadaye. Mimi na wewe maji yakitupungua kidogo mwilini, ubongo unapiga kelele: kunywa! Uzeeni kelele hiyo inafifia hata kwa mtu mwenye akili zake zote, na figo nazo hazishiki maji kama zamani. Wazee wengi pia wanameza vidonge vya presha vinavyokojosha. Juu ya hayo weka usahaulifu. Hata kelele ikipigwa, hajui ni ya nini. Anahisi kuna jambo, anainuka, anazunguka, anakasirika, anamtukana mjukuu. Au anajua kabisa ni kiu, lakini hajui maji yako wapi. Au ameishika bilauri mkononi na amesahau kwa nini ameishika. Basi lile swali letu la adabu, "Baba, unataka maji?", ni swali tunalomuuliza mtu ambaye mwili wake haumpi jibu. Atasema hataki, na hasemi uongo. Kiu yake imehamia kwangu. Mimi ndiye ninayepaswa kuisikia.

Kiasi gani? Wataalamu wa lishe ya wazee husema vinywaji visipungue lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume, na wakati wa joto viongezwe. Chai imo, uji umo, supu imo, hata kahawa imo, wala msimnyime mzee kijikombe chake cha kahawa chungu mkidhani inamkausha. Lakini mwenye moyo uliodhoofika au figo mbovu ana kipimo chake, na kipimo hicho anakitoa daktari wake, si mimi. Kadhalika kidonge cha kukojosha: usikiache kwa shauri lako. Nenda kabla joto halijakaza, uliza kama kitapunguzwa.

Sasa naingia pasipopendeza. Naona baadhi yenu mnatabasamu, mmeshajua.

Tunawanyima maji kwa sababu ya shuka.

Mimi nilifanya hivyo. Sikumwambia mtu, hata nafsi yangu sikuiambia waziwazi, lakini bilauri ya magharibi niliijaza nusu, na ya usiku niliisahau, kwa sababu alfajiri ni mimi ninayefua godoro. Nepi ni ghali, maji ya bomba hayatoki kila saa, na mgongo wangu si wa msichana. Kisha mkojo mzito ule unakiwasha kibofu, mzee anataka kukojoa mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, na maradhi yanapata njia. Kwa hivyo nilikuwa nafua zaidi. Sasa maji mengi nampa kutwa, tangu alfajiri mpaka alasiri, baada ya magharibi napunguza, na kabla ya kulala nampeleka choo hata akisema hana haja. Shuka bado zinaloa siku nyingine. Nafua.

Vipi nitakumbuka, na mimi nina kofia za watu za kumaliza? Hapa Lamu sisi tumepewa saa isiyohitaji betri. Misikiti imetuzunguka, adhana inatuingia mpaka jikoni mara tano kwa siku. Nikaamua: kila adhana, kinywaji. Chombo cha baba kinaingiza kama robo lita, nimekipima kwa chupa ya soda. Mara tano, ya isha nikiipunguza nusu, ni lita moja na kitu. Ongeza chai ya asubuhi vikombe viwili na bakuli la uji wa wimbi saa nne, unakaribia lita mbili na hujagombana na mtu. Nimetundika kalenda mlangoni, aliyempa anaweka alama ya kalamu. Kabla ya hapo kila mmoja alidhani mwenzake amempa.

Chombo chenyewe kina hadithi. Mwanzoni nilimpa maji kwa kikombe cha plastiki cheupe, cha watoto, kwa kuogopa atavunja bilauri. Anakishika, anakigeuza, anakiweka chini. "Sitaki mai." Siku moja mpwa wangu alikuwa anasafisha ghala, akatoa mtungi wa marehemu nyanya na kata ya kifuu, ile yenye mpini mrefu. Akaviweka ukumbini ili avipige picha. Baba alikuwa amekaa pale. Akanyoosha mkono, akaishika kata kwa vidole vitatu, akaichovya mtungini. Mtungi mkavu. Akachungulia ndani, akatugeukia kwa hasira ya nahodha, "Chombo hakina mai, na nyinyi mwataka kungʼoa nanga?"

Tulikimbia kuujaza. Akanywa kata nzima, akafuta mdomo kwa kiganja, akachota ya pili.

Tangu siku ile mtungi uko pembeni mwa kiti chake. Nausugua kila siku, namwaga ya jana, na Ijumaa naufukiza ubani kama alivyofanya nyanya. Mara nyingine anachota mwenyewe bila kuambiwa. Hili ni la kwetu, si la daktari: wa kwenu huenda hajui kata, lakini anajua birika la bati, au kikombe cha kahawa, au dafu lililokatwa juu. Mkono unakumbuka vitu ambavyo kichwa kimevitupa. Utafuteni mkono wake ulizoea nini.

Na rangi pia. Hili ni la wataalamu. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti mdogo, wanaume tisa tu, ambao Alzheimer yao ilikuwa imekwenda mbali. Waliwabadilishia vyombo vyeupe wakawapa vyekundu. Chakula kilicholiwa kiliongezeka kwa karibu robo, na vinywaji kwa zaidi ya asilimia 80. Si uchawi wa rangi nyekundu. Macho ya wagonjwa hawa hayatenganishi vizuri kitu na kilicho nyuma yake. Sasa fikirini sisi: wali mweupe, samaki wa nazi, sahani nyeupe ya kauri tuliyoiweka kwa heshima ya mzee! Anaona mwezi tu. Mimi natumia sinia la buluu.

Nimelitaja sinia, basi tukae hapo kidogo.

Mzee akianza kumwaga wali na kujipaka mchuzi, tunafanya nini? Tunamtenga. Tunampa sahani yake na kijiko, chumbani, mlango umerudishwa, tunajiambia tunamsitiri. Nahofia tunawasitiri wageni tu. Mtu huyu amekula kwa mkono sinia moja na wenzake tangu alipoachishwa ziwa. Kijiko hakijui. Ukimweka mbele ya sinia, akaona mkono wako unakata tonge, na wake unafuata. Ukinywa, ananywa. Ukila peke yako jikoni kisha ukaja kumlisha na wewe umeshiba, umemnyangʼanya mwongozo wake. Mimi nilikuwa nasimama, nina haraka, namwambia "kula, baba, kula", na yeye ananitazama mdomo. Nilipoketi nikala naye, alikula.

Joto linaua hamu, hilo mnalijua wenyewe. Saa saba mchana hata mimi chakula kinanichosha. Basi kile kizito kileteni asubuhi mapema na baada ya alasiri, jua likiwa limeinama. Katikati ni vidogovidogo vya kushika mkononi: mahamri na mbaazi, kipande cha muhogo uliopikwa laini, katlesi, embe lililokatwa. Kimoja kimoja, si vyote mbele yake kwa pamoja, atachanganyikiwa asile hata kimoja. Samaki toa miba yote, kisha pekua tena kwa vidole, maana yeye hataihisi mpaka imemkwama.

Maji pia huliwa. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, tango vivyo hivyo. Kuna chainagrasi, ile jeli ya mwani, ambayo mabinti siku hizi wanaipika kwa rangi za kila aina. Inateleza, ni baridi, na wazee wanaipenda. Na zile barafu za ukwaju na ubuyu zinazouzwa vibarazani kwa watoto! Baba anazifyonza mpaka mfuko umekauka. Nazitengeneza mwenyewe, sukari kidogo, maji niliyoyachemsha. Dafu ni zuri, ila mwenye maradhi ya figo aulize kwanza, kwa sababu lina potasiamu nyingi. Mwenye kisukari mnamjua, sina haja ya kuhubiri.

Jambo jingine la msimu huu: mchuzi wa nazi uliopikwa mchana na kuachwa chini ya kawa, magharibi umeshachacha. Sisi tunanusa, tunamwaga. Yeye pua imechoka na atakula. Na wanaficha. Mimi nimetoa kaimati chini ya mto, zina sisimizi, na kipande cha nguru ndani ya kofia niliyomshonea mwenyewe. Kagueni kitanda kila siku, kwa upole, bila kumwaibisha. Akitapika au kuharisha katika joto hili usingoje kesho. Zile pakiti za chumvi na sukari za duka la dawa, zichanganyeni kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia, na mpelekeni kwa daktari.

Hapa nasema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Msimnyweshe mtu aliyelala chali. Msimkamate kidevu mkamimina. Nimeona likifanywa kwa mapenzi matupu, shangazi mmoja ameshika kichwa, mwingine ana kijiko, na mzee anakohoa mpaka macho yanatoka. Maji yanaingia mapafuni na mtu anapata nimonia. Mketisheni wima, miguu chini, kidevu kimeinama kidogo, funda moja, mngoje ameze, kisha jingine. Akimaliza akae vivyo hivyo nusu saa. Akiwa na usingizi, acheni, rudini baadaye. Na akiwa anakohoa kila akinywa maji, au sauti yake baada ya kunywa inakuwa kama mtu mwenye maji kooni, hilo ni la kupelekwa hospitali, maana kumeza nako kunasahaulika. Wengine huambiwa vinywaji vyao viwe vizito kidogo, na mtu wa uji mwepesi hapo haoni taabu.

Sasa Ramadhani, ambayo iko mlangoni. Najua ndilo mlilolingojea, Bi mkubwa pale ameshaniuliza mara mbili kabla sijakaa.

Baba anafunga. Anafunga Ramadhani, anafunga Rajabu, anafunga siku ya kawaida saa tano asubuhi. "Nimefunga," anasema, na anaufumba mdomo. Kisheria jambo liko wazi, na masheikh wetu mtawauliza kwa undani: mgonjwa ana ruhusa, na aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake. Lakini huwezi kumsomea fikihi mtu anayesahau mwanzo wa sentensi. Nilipobishana naye alilia. Aliona namvunjia dini yake. Sikupenda pia kumdanganya kwamba jua limezama hali anaiona nuru.

Siku moja niliacha kubishana. Ilipoadhiniwa adhuhuri, nilikaa karibu naye na kisahani cha tende na kata. Sikusema neno. Nikatia tende mdomoni mwangu, nikasema bismillahi. Akaisikia adhana, akaziona tende, mkono ukaenda wenyewe. Akafuturu. Alasiri akafuturu tena. Nilimuuliza sheikh wa mtaa wetu kama nina dhambi kwa hilo. Alicheka, akasema niendelee, na nimpe tende laini. Mwezi huu mimi nitakuwa nimefunga kweli, sitaweza kula mbele yake, kwa hivyo mjukuu wa miaka saba amekubali kazi ya adhuhuri na alasiri. Ameomba malipo ya barafu mbili kwa siku.

Nimalizie na dalili, upesi, maana jua linashuka. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, au hakukojoa nusu siku. Ulimi na midomo mikavu. Kizunguzungu akisimama. Choo kigumu. Kumfinya ngozi ya mkono kutazama kama inarudi hakusaidii kwa wazee, ngozi yao imeshalegea. Na kubwa kuliko yote: mabadiliko ya ghafla. Dimensia hutembea kwa miezi na miaka. Aliyekuwa anajua jina lako Jumatatu na Jumatano hajui yuko wapi, analala ovyo au anaona wasiokuwepo, huyo ana jambo jingine juu ya dimensia, na mara nyingi linatibika. Msiseme maradhi yamepanda daraja, kama nilivyosema mimi. Na akiwa mwili unawaka, hajitambui, msimtie kitu mdomoni. Mtoeni juani, mvueni nguo, mloweshe maji mwilini, mpepeeni, na mmoja wenu awe ameshakwenda kutafuta msaada.

Maswali nitayajibu hapa hapa mkekani, mmoja mmoja. Kata yenyewe nimekuja nayo, hii hapa, ipitisheni muishike. Mpini umefungwa uzi wa nyavu kwa sababu ulivunjika mwaka jana, na ile mpya niliyomnunulia aliikataa. Kwa hivyo nawaomba, isipotee, na inirudie kabla ya magharibi.